Kufuli la Kabla ya Mlango

Kutaisi, mwezi wa tatu, mvua ya siku ya nne.
Niliifunga laptopu kwa taulo kama mtoto mwenye homa
nikashuka nayo ngazi za soko la chini
hadi kwa Otari, fundi wa vitu visivyotaka kufunguka.

"Windows?" akauliza, bila kuinua macho.
Si Windows, nikamwambia. Ni kabla.
Ni kile kikufuli cha kijivu kinachotokea
mashine ingali na tongotongo,
haijajua hata jina lake.
Ukikosea mara tatu inalia mlio mmoja mkali,
kisha kimya,
kama karani aliyekwisha kukuambia njoo kesho.

Akataka risiti.
"Si kwamba sikuamini, Bibi Nanuli,
ila wezi nao wana mama zao,
na huwatuma."
Nilikuwa nayo. Wino umebaki kivuli,
lakini namba ya karatasi na namba ya tumboni mwa mashine
zilitambuana.

"Ndani mna nini?"
Mvua, nikasema.
Miaka kumi ya mvua, milimita kwa milimita,
niliyoipima uani kila saa moja asubuhi
hata baada ya kituo cha hali ya hewa kunistaafisha
kwa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri.
Kisha macho yakaingia ukungu, nikahamia daftarini,
mashine ikalala kabatini miaka sita.
Sasa macho yamesafishwa, naona hadi kucha za kunguru,
na mashine ndiyo haitaki kunitazama.

Nilikwisha kujaribu: mama, marehemu mume, mbwa,
mwaka wa mafuriko, tarehe ya arusi,
tarehe ya arusi kinyumenyume.

Otari akafungua skrubu kumi na tisa,
akazipanga kwenye trei ya mayai kwa zamu zao.
Akang'oa betri, kidonge cha fedha.
Tukanywa kahawa mbili.
Akairudisha, akawasha: kufuli liko palepale.
"Za zamani ungezinyima umeme zikasahau.
Hii imeandika pengine,
mahali pasipohitaji umeme ili kukumbuka."
Nikaionea wivu.

Kuna kidude cheusi chenye miguu minane,
kidogo kuliko punje ya dengu.
Akakibana kwa koleo jembamba,
nyaya zikaenda kwenye kompyuta yake,
na tarakimu zikaanza kushuka, sifuri, sifuri, sifuri,
uwanda mtupu, halafu
katikati ya uwanda, vibanda vitano vya herufi.

Akageuka.
"Badri ni nani?"

Mtoto wa dada yangu. Miaka kumi na minne.
Alikuja majira ya baridi moja, vidole vyake kila mahali,
akaifuta Januari yangu yote apate nafasi ya mchezo wa magari.
Nikasema: nitamfungia kwa jina lake mwenyewe.
Mvulana hujaribu dunia nzima
kabla hajajijaribu yeye.
Na kweli, alihangaika hadi theluji ikayeyuka,
akaondoka bila kuaga vizuri.
Sasa anaendesha malori huko Poland.
Mwaka juzi alinitumia picha ya barabara.

Niliyapitia majina yote ya niliowapenda.
Lake halikunijia.

Otari akanisogezea kibodi, akajifanya anatafuta bisibisi.
B. A. D. R. I.
Mashine ikanikubali bila kinyongo.
Mvua yangu ilikuwemo, safu kwa safu, hata tone halikupungua.

Ni saa tu iliyopotea, kwa sababu ya kile kidonge:
pembeni iliandika tarehe mosi Januari,
mwaka ule nilioinunua.
"Niirekebishe?"

Acha kwanza, nikasema.

Nikamlipa lari arobaini, nikafunga taulo.
Mle ndani Badri bado hajafika.
Kitanda cha sebuleni hakijatandikwa.
Ningali na muda wa kuchagua neno jingine.